Picha ya Ubongo Haijisomi Yenyewe

Mgonjwa anaweza kutoka Merti au Sericho hadi mjini Isiolo, kisha Nairobi, amwone daktari wa mishipa ya fahamu na arudi nyumbani bila jibu. Sababu yaweza kuwa ndogo: alibeba ripoti ya karatasi, picha zenyewe zikabaki nyumbani.

Picha za ubongo ni za aina mbili kuu. CT hutumia eksirei, huchukua dakika chache na huonyesha haraka damu iliyovuja kichwani. Ndiyo hutangulia baada ya ajali au kiharusi. MRI hutumia sumaku, huchukua nusu saa au zaidi na huonyesha mengi kwa undani. Mwenye chuma mwilini, kama kifaa cha moyo au kipande cha risasi, sharti aseme kabla ya kupigwa picha hiyo.

Mtaalamu wa radiolojia huandika anachokiona. Daktari wa mishipa ya fahamu huyalinganisha hayo na dalili. Mwenye kifafa anaweza kupata picha isiyo na kasoro, na bado ana kifafa. Hapo maelezo ya aliyemwona akianguka, au video ya simu, humsaidia daktari kuliko picha.

Anayetumwa kwa mtaalamu abebe:

• barua ya rufaa na ripoti zote, hata za zamani;
• picha zenyewe, kwenye diski au filamu;
• majina ya dawa anazotumia;
• kitambulisho, akiwa amesajiliwa na SHA;
• jamaa aliyeshuhudia dalili.

Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unampa mgonjwa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Si kumkosea heshima daktari wa kwanza. Picha za kidijitali pia zaweza kutumwa kwa mtaalamu aliye mbali, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kulipa nauli.

Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, usisubiri maoni ya mtu. Kimbilia hospitali na ukumbuke saa dalili zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja.