Mali ya Nyumbani Yauzwa Bila Shahidi

"Nauza kitanda tano kwa sita na godoro lake. Sababu ya kuuza: nahama. Bei maelewano. Kipo Mbagala."

Matangazo ya namna hii, ndugu msomaji, husomwa kila siku katika simu za wafanyakazi wa Temeke na Kinondoni, tangu saa ya chai kazini hata usiku ndani ya daladala. Picha yaonyesha kitanda, na nyuma yake pazia, na pengine mguu wa mtoto aliyepita bila mpiga picha kujua. Hiyo "nahama" nayo ni neno la heshima tu. Aghalabu maana yake ni kwamba mwenye nyumba adai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, au ada ya shule imefika, au kazi imekwisha na mtu arudi kwao.

Hatuoni aibu yoyote katika jambo hilo. Mtu kuuza mali yake aliyoinunua kwa jasho lake ni haki yake. Tena twakiri ya kwamba simu imemtendea mnyonge wema mkubwa. Zamani mtu wa Tandika aliyetaka kuuza kabati la Keko, lililotengenezwa kwa mbao nzito na fundi anayejua kazi yake, hakuwa na njia ila kumwita dalali. Dalali alilitazama kabati, akatikisa kichwa, akataja bei ya kulitupa. Kisha akaliuza Manzese na kutia mfukoni cha juu ambacho mwenye mali hakukijua kamwe. Leo mama yule yule aweka picha katika Facebook au katika kundi la WhatsApp, na kabla ya jua kutua watu watano wamempigia simu. Fedha nazo zapita hewani. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mfanyakazi hahitaji tena kutembea na noti kiunoni.

Lakini dalali yule, pamoja na ulafi wake wote, alikuwa na faida moja ambayo hatukuipima mpaka ilipopotea: alijulikana. Kijiwe chake kilijulikana, na nyumba yake ilijulikana. Hata mwuza mitumba wa sokoni ana meza yake, nawe waweza kumrudia kesho ukamwonyesha suruali iliyochanika. Mwuzaji wa simuni ana jina alilojipa mwenyewe na picha ya ua waridi.

Hapo ndipo walaghai wamepata mlango. Mtu achukua picha ya jokofu la mwenziwe, apunguza bei mpaka inatia tamaa, kisha asema kuna wengine wanaolitaka, basi "tanguliza kidogo nikushikie." Mwingine aomba nauli ya kirikuu kitakacholeta mzigo. Fedha ikishatumwa, namba haipatikani tena. Wananchi wamelifanyia mzaha neno "ile hela tuma kwenye namba hii," nao wamecheka sana. Hata hivyo wapo wanaoendelea kutuma. Tangu mwaka 2020 zilipoanza kufungwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, wengi walidhani mchezo huu umekwisha. Haukuisha. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli, nayo yafaa ijulikane na kila mtu kama ijulikanavyo namba ya nyumba yake.

Tapeli akuibia fedha. Liko jambo baya zaidi, nalo ni kununua mali ya wizi kwa moyo mweupe. Kijana wa Mwananyamala anunua simu iliyotumika kwa nusu ya bei, bila boksi wala risiti, wakikutana na mwuzaji kituoni. Baada ya miezi miwili mlango wagongwa. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu chamtia hatiani apokeaye mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Na bei ya nusu, njiani, usiku, itamwia vigumu kuieleza mbele ya hakimu. Angebonyeza *#06# na kuituma namba iliyotokea kwenda 15090, angeijua walau ile simu kuwa ni halisi au bandia. Lakini hapana namba ya kubonyeza juu ya televisheni, wala juu ya kitanda.

Juu ya vitu hivyo hapana budi awepo mtu. Hili si jambo jipya. Ibrahimu alipotaka kumzika mkewe Sara, alimpimia Efroni Mhiti shekeli 400 za fedha kwa shamba la Makpela, hadharani, watu wa mji wakishuhudia langoni. Na Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yaagiza deni liandikwe na mashahidi wawekwe watu wafanyapo biashara. Sisi wenyewe tulikuwa na lango letu: TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, godoro halikutoka nyumbani usiku bila balozi kuuliza laenda wapi.

Watu watasema ofisi ya mtaa hufungwa mfanyakazi akiwa bado kazini, na kwamba muhuri mahali pengine una bei yake. Ni kweli, na ni kasoro. Basi mabalozi wa mashina na waikae kazi hii jioni, bila malipo: karatasi moja, majina mawili, namba za vitambulisho, na kitu chenyewe kutajwa. Hatusemi kila sufuria iandikiwe. Twasema kitu ambacho bei yake yapita mshahara wa juma moja.

Jirani yangu alinunua cherehani kwa njia hiyo mwezi uliopita, kwa mama wa mtaa wa pili aliyetangaza simuni. Balozi alipokwisha kuandika, akauliza kama cherehani yenyewe yashona. Hapana aliyekuwa ameijaribu. Ikashushwa tena kutoka katika bajaji, ikawekwa barazani, na mke wa balozi akaleta kanga yake ambayo haijapindwa.