Muziki Si Kipumziko cha Mchezo

Mwaka 2014 waandaaji wa tuzo za Tony, ambazo ndizo tuzo kubwa za michezo ya jukwaani nchini Marekani, waliifuta tuzo ya ubunifu wa sauti. Ilikuwa tuzo changa, imeanza kutolewa 2008 tu. Sababu iliyoripotiwa ni ya kushangaza: wapiga kura wengi hawakujua mbunifu wa sauti anafanya nini hasa, na hata waliojua hawakuwa na hakika kazi yake ipimwe vipi. Watu zaidi ya 30,000 wakatia saini kupinga, na ilipofika 2018 tuzo ikawa imerudi. Tungeweza kuwaachia wenyewe kisa hicho, lakini uziwi wa wapiga kura wale na sisi tunao, tena sisi hatuna udhuru. Historia ya jukwaa la Afrika Mashariki imejaa michezo ambayo ukiiondolea sauti unabaki na mifupa. Hapa nadai kwamba muziki na sauti ni sehemu ya hoja ya mchezo, sawa na maneno ya waigizaji, na kwamba mwongozaji anayezitafuta siku mbili kabla ya onyesho amechelewa kama ambavyo angekuwa amechelewa kutafuta mwigizaji mkuu.

Ushahidi wa karibu uko Limuru. Mwaka 1977 wakazi wa Kamiriithu, wengi wao wakulima na vibarua, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Kisa chenyewe si kigumu: Kĩgũũnda ana kipande cha ardhi cha ekari moja na nusu, tajiri Kĩoi anakitaka, na anakipata. Kilichoupa mchezo uzito ni namna nyimbo zilivyofumwa ndani ya kisa hicho. Suala la harusi, kwa mfano, linabebwa na gitiiro, uimbaji wa kujibizana ambapo upande mmoja hurusha maneno na mwingine ukayadaka. Mtazamaji anayeijua gitiiro hahitaji kuambiwa kwamba harusi ya kanisani, ile ambayo Kĩgũũnda anaikopea fedha kwa dhamana ya ardhi yake, ni kitu cha namna nyingine. Masikio yake yameshalinganisha. Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe, katika insha zake zilizotoka 1986, alisisitiza kwamba nyimbo na ngoma zile hazikuwa mapambo, kwamba zilikuwa sehemu ya mazungumzo na ya sherehe iliyokuwa ikiigizwa. Kibali cha mchezo kikafutwa mwezi Novemba, na siku ya mwisho ya Desemba mwandishi huyo akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 kikundi kikarudi na Maitu Njugira, mchezo uliobebwa zaidi na nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Kiliponyimwa jukwaa la Ukumbi wa Taifa kikaendelea na mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kutazama mazoezi yenyewe mpaka nayo yakapigwa marufuku. Muda si mrefu jukwaa la wazi la Kamiriithu likabomolewa.

Sitaki kutia chumvi. Serikali haikuogopa ngoma peke yake. Iliogopa lugha iliyotumika, iliogopa pia wakulima wenye jukwaa lao. Lakini kuna jambo ambalo wimbo hulifanya na mazungumzo hayawezi. Mtazamaji hatoki ukumbini akiwa amekariri hotuba ya mhusika. Wimbo hutoka nao, akauimba shambani kesho yake, na asiyeuona mchezo akaudaka. Afisa anaweza kuzuia kibali cha ukumbi, lakini kiitikio kilichokwisha kuzoeleka hana pa kukishikia.

Uganda ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo, tena kwa gharama kubwa. Byron Kawadwa aliandika Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa kuimbwa wa Kiganda wenye muziki wa Wassanyi Serukenya, ambao mwaka 1977 ulipelekwa Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Aliporudi Kampala, watu wa Idi Amin walimkamata wakamuua. Mwenzake Robert Serumaga alikuwa ameshaanza kupunguza maneno katika michezo yake. Renga Moi ya 1972 ilichanganya lugha kadhaa za Uganda na kuegemea ngoma, uimbaji, milio na miondoko, kiasi kwamba asiyejua hata lugha moja kati ya hizo aliweza kuufuata msiba unaoigizwa, na kikundi chake kikazunguka nao nchi nyingi. Msomaji anaweza kusema Serumaga alikwepa maneno kwa kuwa maneno yaliua. Huenda. Lakini mtu hawezi kukimbilia kwenye sauti ikiwa sauti haina uwezo wa kusimulia.

Basi tulifikaje mahali ambapo bango la onyesho hutaja mwandishi, mwongozaji na waigizaji, na aliyetengeneza sauti hatajwi? Nadhani mazoea mawili yalichangia. La kwanza ni lile la vikundi vya burudani vya Tanzania, hasa miaka ya 1980 na 1990, enzi za vikundi vya Muungano na baadaye TOT. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, taarabu na mchezo wa kuigiza, kila kimoja kwa zamu yake. Yalikuwa maonyesho ya nguvu, na taarabu ndiyo iliyowatoa watu vitini kwenda kutunza. Lakini mpangilio ule uliwazoesha watazamaji kuona muziki na uigizaji kama wapangaji wawili wa nyumba moja. La pili ni mashindano ya shule. Kenya ina tamasha kubwa la drama la kitaifa, na humo mchezo ni kundi moja, ngoma bunifu kundi jingine, ushairi jingine. Mpangilio huo ni mwepesi kwa waamuzi, na umekuza vipaji vingi. Hata hivyo mwanafunzi anayeukulia hujifunza bila kuambiwa kwamba ngoma ina mlango wake na mchezo una wake.

Ukisogea karibu unaona sauti ilivyo kazi ya kupanga kwa makini. Chukua onyesho la wazi, mfano ndani ya Ngome Kongwe, Unguja. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo neno linalomfikia vizuri aliye mita 5 kutoka jukwaani linakuwa limepoteza desibeli 12 likifika kwa aliye mita 20. Fundi ataongeza spika nyuma. Lakini sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, ilhali waya hupeleka papo hapo, kwa hiyo spika ya nyuma itasema kabla sauti ya mwigizaji haijafika. Sikio huamini kinachotangulia. Mtazamaji wa nyuma atamwona mwigizaji mbele akifumbua mdomo huku maneno yakitokea ubavuni mwake, na hapo mchezo umekufa ingawa kila neno limesikika. Dawa yake ni kuichelewesha spika ile kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mtafiti Mjerumani Helmut Haas alionyesha tangu 1949 kwamba sauti iliyocheleweshwa kidogo, hata ikizidi ile ya kwanza kwa nguvu, sikio bado huihesabu kuwa imetoka ilikotoka ya kwanza. Ngoma nazo zina mambo yao. Ngozi hulegea kwa unyevu wa pwani, na mpigaji lazima aipashe moto ndipo ilie. Mwongozaji aliyeweka pigo kubwa la ngoma saa moja baada ya mchezo kuanza, bila kufikiria moto utawashwa wapi na nani atatoka kwenda kuzipasha, atapata mlio wa debe lililojaa nguo.

Wapo wanaosema mwigizaji hodari hahitaji haya yote, na kwamba sauti humfunika. Hoja yao ina uzito. Mwandishi Mrusi Chekhov mwenyewe alikereka na namna mwongozaji Stanislavski alivyojaza michezo yake vyura, nyenje na mbwa wanaobweka. Lakini mwandishi huyo huyo, katika The Cherry Orchard ya 1904, aliandika sauti mbili tatu ambazo mchezo hausimami bila hizo: uzi unaokatika kwa mbali, isijulikane umekatika wapi, na shoka likiingia kwenye miti bustanini wakati jukwaa limebaki tupu. Kilichomuudhi ni sauti isiyo na kazi, na anayejua ipi haina kazi ndiye mbunifu wa sauti tunayemzungumzia. Nusu ya kazi yake ni kunyamazisha. Wengine huogopa kwamba muziki hulainisha akili, unamfanya mtazamaji alie kabla hajafikiri. Mwandishi wa tamthilia Brecht aliliona hilo, na jibu lake halikuwa kuufukuza muziki; yeye na mtunzi wa muziki Kurt Weill, katika The Threepenny Opera ya 1928, waliutumia kukatiza kisa ili mtazamaji azinduke.

Pingamizi gumu zaidi ni la fedha. Kikundi kinachohangaika kupata nauli ya waigizaji kitampata wapi mbunifu wa sauti? Nalijibu kwa kuitazama redio, kwa kuwa redio haikuwa na pa kujificha. Michezo ya Radio Tanzania, kuanzia vichekesho hadi Twende na Wakati iliyoanza 1993, ililazimika kujenga nyumba, barabara na ugomvi kwa sauti tupu, na mlango ukifunguliwa ilibidi mtu aujue mlio wake. Ujuzi huo haukutokana na mitambo ya bei mbaya. Ulitokana na kumhesabu mtu wa sauti kuwa mmoja wa watengenezaji wa mchezo tangu muswada unaposomwa mara ya kwanza. Kwenye jukwaa hesabu ni hiyo hiyo. Vikundi vingi hutumia fedha za sauti kukodi spika kubwa za siku moja, zinazofika mchana wa onyesho zikiwa na fundi ambaye hajawahi kuuona mchezo, naye huweka muziki kila anapoona pamepoa. Fedha hizo zingetosha, au karibu zitoshe, kumlipa mpigaji mmoja wa ngoma au zeze akae kwenye mazoezi mwezi mzima, agombane na mwongozaji, afute alichobuni na kubuni upya. Mimi ningeanza na huyo, na jina lake lingekuwa kwenye bango.