Mfamasia na Mwenye Maumivu Yasiyokwisha

Mwenye kuumwa siku mbili huonewa huruma na majirani wote. Mwenye kuumwa miaka kumi huachiwa maumivu yake mwenyewe. Visiwani mwetu watu wa namna hii si haba. Mchumaji karafuu aliyeanguka mtini, mchukuzi wa bandarini aliyebeba magunia ujana wake wote, mama mwenye baridi yabisi ya magoti, mgonjwa wa sukari ambaye nyayo zake humwaka moto usiku: hao hawatarajii kupona kesho, bali wanatafuta namna ya kuishi. Na mtu wanayekutana naye mara nyingi kuliko daktari ni yule aliye nyuma ya dirisha la dawa.

Hivi karibuni tulipanga foleni mbele ya dirisha la namna hiyo, katika hospitali ambayo hatuna haja ya kuitaja. Lilikuwa na tundu la kupitisha mkono tu. Mzee mmoja aliyetutangulia alipewa pakiti ya diklofenaki, akaambiwa, "Moja, kutwa mara mbili," akaondoka. Hakuulizwa kitu. Lau angeulizwa, angesema kama alivyotueleza sisi pale foleni, kwamba huu ni mwaka wa tatu anaimeza dawa hiyo, nyengine akijinunulia dukani, na kwamba nyumbani anazo pia dawa za presha.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mfamasia. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kwa muda mrefu zaweza kuchubua tumbo hadi likatoka damu, kudhuru figo, kupandisha presha na kupunguza nguvu za baadhi ya dawa za kuishusha. Mgonjwa hayajui hayo. Anajua tu kwamba mgongo umepoa. Mfamasia atakayemwuliza anatumia nini kingine, na tangu lini, aweza kumrudisha kwa daktari mapema. Ndiye wa kumwambia kwamba Panadol na parasetamoli ni kitu kimoja chenye majina mawili, na kwamba mtu mzima asipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, akihesabu pia dawa za mafua, ambazo nyingi zina parasetamoli ndani yake. Mwezi wa Ramadhani ndiye wa kumpangia dawa zake baina ya futari na daku.

Kisha ipo amitriptilini. Daktari humwandikia mgonjwa wa sukari kiasi kidogo, anywe usiku. Kijana wa nyumbani akisoma karatasi ya pakiti na kukuta kwamba ni dawa ya maradhi ya akili, bibi huambiwa amepewa dawa ya wendawazimu, na vidonge hutupwa. Laiti mfamasia angalimweleza mapema kwamba dawa hiyo hutuliza pia mishipa ya fahamu, na kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha faida, bibi angalipata usingizi.

Kuhusu mofini kwa wenye saratani, tunaifahamu hofu ya wakubwa, kwani visiwa hivi vimeumizwa sana na dawa za kulevya. Lakini Shirika la Afya Duniani liliiweka mofini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977. Nchini Uganda, ambako Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, poda yake imekuwa ikichanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu moja isidhaniwe nyengine, na mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Dawa ya namna hii hulindwa kwa ufunguo na daftari la mfamasia, si kwa kumnyima anayelia usiku.

Tunawaomba wahusika wa Wizara ya Afya wasihesabu utoaji wa dawa kuwa ni kugawa pakiti. Katika kila hospitali ya wilaya, Unguja na Pemba, mfamasia apangiwe walau asubuhi moja kwa wiki ya kuonana na wagonjwa hawa. Mezani, si tunduni, na kila mmoja aje na mfuko wa dawa zake zote, za hospitali na za dukani. Panahitajika meza, viti viwili na pazia.

Yule mzee tulimshauri arudi akaulize. Alitujibu kwamba gari ya shamba huondoka saa saba, na foleni ilikwisha kuwa ndefu.