Njia Niliyodhani Naijua

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mnaozitembelea nyumba zilizo mbali, leo nataka kunena habari za vijia. Sineni habari za barabara kuu ya uwandani, wala za reli iliyofika Moshi mwaka 1911. Nanena za vijia vyetu vya Ngujini, katika milima hii ya Pare ya Kaskazini ambayo kilele chake kirefu ni Kindoroko, mita 2,113.

Masika yaliyopita tulimchukua mama mmoja mgonjwa kwa machela. Barabara ya magari ilikuwa imefunikwa na maporomoko ya udongo, basi ikatubidi kushika njia ya zamani, ile niliyoipita kila siku utotoni. Nikawaambia wenzangu, "Nifuateni, naijua." Kumbe njia niliyoijua haikuwapo tena. Kangaga na magugu yalikuwa yametoka pande zote mbili yakakutana katikati, hata mchukuzi wa mbele hakuona atiapo mguu. Tulipofika bondeni, mahali palipokuwa pakavu zamani, akazama mpaka magotini. Machela ikainama, na yule mama akalia kwa uchungu. Tukamshusha, tukamfunga upya kwa kanga, kisha tukaendelea hatua kwa hatua, mmoja akitangulia na fimbo kupima tope. Mwendo wa saa moja ukawa wa saa nne. Alifika hai, na sasa anapalilia maharage yake. Walakini zile saa tatu za ziada sijazisahau.

Siku ya tatu nikarudi kutafuta sababu, kwa maana mvua peke yake haikunitosha kuwa jibu. Sisi Wapare twajua kazi ya maji tangu kale: ndiva hukusanya maji usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka kwa mifereji mpaka mashambani. Nikaona mfereji mmoja umezibwa na majani. Maji yalikuwa yamemwagika yakaifuata njia, kwa kuwa njia iliyokanyagwa miaka mingi imechimbika kuliko ardhi ya kando yake. Ndipo wapitao wakakwepa tope wakakanyaga pembeni, na pembeni nako kukawa tope. Mwisho wakaiacha kabisa, maana siku hizi pikipiki hutupeleka kwa barabara ya kuzunguka. Na pasipo nyayo za watu magugu hayana adui.

Huko Scotland watu hupanda milima yenye tope jingi kwa kujifurahisha tu. Mlima wao mrefu, Ben Nevis, ni mita 1,345, haufikii Kindoroko. Lakini baridi na maji huyazuia majani yasioze upesi, yakawa udongo mweusi ulio laini kama sifongo. Mwenye kuchoka njiani hurudi nyumbani akanywa chai. Sisi hatupandi kwa kujifurahisha, na mgonjwa hawezi kungoja kiangazi.

Basi tukaleta neno hili kwa wazee, na likatangazwa katika msaragambo. Wengine walinung'unika kwamba njia hiyo ni ya watu wachache. Ni kweli, ni wachache. Lakini yule mama alikuwa mmoja wao. Kwanza tulizibua mfereji, kwa maana kufyeka kabla ya kugeuza maji ni kazi bure. Kisha tukachimba vijito vya mshazari kuyatoa maji njiani, tukajaza mawe penye tope. Vijana walitaka kutupa udongo, wakakatazwa: udongo juu ya tope ni tope tena. Magugu tukayafyeka kwa upana wa watu wawili na machela kati yao. Miti ya hifadhi hatukuigusa.

Pamebaki mahali pamoja karibu na kijito ambapo fimbo bado huzama nusu. Mawe ya hapo yatabebwa mwezi wa Februari, kabla ya masika. Na kila nyumba imeombwa kumtoa mtu mmoja, aje na jembe lake.