Bidoni ya dawa ya shamba haifai kutiwa maji

Msimu wa nyanya na viazi ukiisha hapa Kivu, katika nyumba zetu nyingi hubaki nusu chupa ya dawa chini ya kitanda, pamoja na bidoni tupu ambayo mama anaiona nzuri kwa kutia mawese. Tuseme wazi: hata ukiiosha kwa sabuni mara kumi, plastiki imekwisha kunywa sumu, nayo huitoa polepole ndani ya mafuta.

Bidoni ikiisha, isuuze palepale shambani, kabla dawa haijakauka. Tia maji robo, funga, tikisa kwa sekunde 30, mimina ndani ya pompi ya kupulizia. Fanya hivyo mara 3. Maji hayo ni dawa bado, basi yapulizie mimea ileile. Kisha itoboe kwa msumari, asije mtu akaiokota.

Dawa iliyobaki bila kuchanganywa ndiyo inayotusumbua zaidi. Ukiimwaga mtoni, wanaochota kule chini watainywa. Ukiimwaga chooni, inaweza kushuka hadi kwenye chemchemi. Ukiichoma, moshi wake ni sumu. Iache katika chupa yake yenye karatasi ya jina, kamwe si katika chupa ya soda. Ifungie mbali na watoto, kisha muulize agronomu au muuzaji kama ataipokea.

Na mtoto akiinywa? Wengi wetu hukimbilia maziwa. Msimpe, wala msimtapishe. Mpelekeni mbio kituo cha afya, na ile chupa mkononi, mganga asome jina la dawa.