Vimeng'enya na majani ya dawa haviponyi banda bovu

KWA mfugaji wa kuku wa nyama, zaidi ya nusu ya fedha anazotumia huishia kwenye chakula. Kuku mmoja hadi kufikisha wiki sita hula takriban kilo tatu na nusu, hivyo vifaranga 100 humaliza mifuko saba ya kilo 50. Ndiyo maana anayeuza unga au maji ya kuongeza kwenye chakula hakosi wateja.

Mkoani Kagera zipo Kagondo mbili, moja katika Manispaa ya Bukoba na nyingine wilayani Muleba. Dagaa wa Ziwa Victoria wako karibu na zote mbili, hivyo protini si ya kutafuta mbali. Lakini ukanda huu una mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na unyevu ndio unaoozesha mahindi ghalani na kulowesha maranda bandani.

Kazi ya vimeng'enya

Takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye mahindi, pumba na mashudu imefungwa, na tumbo la kuku haliwezi kuifungua vizuri. Nyingi hutoka na kinyesi. Kimeng'enya kiitwacho fitasi, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 1991, huifungua ili ijenge mifupa.

Vipo vimeng'enya vingine vinavyovunja nyuzinyuzi za ngano na shayiri. Hivi humsaidia zaidi anayetumia pumba za ngano kuliko anayetegemea mahindi.

Kabla ya kununua, mfugaji apige hesabu. Tuseme kimeng'enya kinampunguzia kilo tatu katika kila kilo 100 za chakula. Kwa mifuko saba ataokoa kilo kumi na nusu. Ikiwa kimeng'enya cha mifuko hiyo kinagharimu zaidi ya bei ya kilo hizo, amepata hasara. Asome pia lebo ya mfuko, kwani baadhi ya vyakula vya viwandani huwa tayari vimewekwa.

Vimeng'enya huharibika kwa joto na unyevu, hivyo vitunzwe pakavu, penye kivuli. Kwa kuwa kipimo ni kidogo sana, vichanganywe kwanza na kilo moja au mbili za pumba, ndipo vimwagwe kwenye chakula chote.

Majani na viungo

Kuanzia Januari 1, 2006, nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kuwapa mifugo antibiotiki kwa ajili ya kukuza tu, kwa hofu ya vijidudu kuwa sugu kwa dawa. Tangu hapo viungo kama kitunguu saumu, manjano na pilipili vimetafutwa zaidi kama mbadala.

Wafugaji wengi huweka mlonge, shubiri au kitunguu saumu kwenye maji. Vitu hivi vinaweza kusaidia hamu ya kula na usagaji wa chakula, lakini nguvu yake hubadilika kulingana na mmea na namna ulivyokaushwa. Majani ya mlonge yakizidi kwenye chakula, kuku hudumaa badala ya kukua.

Hatari kubwa ni kudhani kuwa majani ni chanjo. Hakuna mmea unaozuia kideri au gumboro. Kuku wachanjwe kwa ratiba ya ofisa mifugo, na siku ya chanjo ya maji wapewe maji safi matupu, yasiyo na majani wala dawa ya kuulia vijidudu, ili chanjo isiharibike.

Kuhara damu nako hakutibiwi kwa shubiri. Vimelea vyake hukomaa kwenye maranda yenye unyevu, kwa hiyo kinga ya kwanza ni paa lisilovuja, vyombo vya maji visivyomwagika na maranda yanayogeuzwa kila siku. Aidha, mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo fitasi wala kitunguu haviondoi. Yasipewe kuku.

Mfugaji anayetaka kujaribu agawe vifaranga wa siku moja katika makundi mawili, chakula kile kile, moja tu likipewa nyongeza. Apime chakula kinacholiwa, ahesabu vifo, kisha apime uzito siku ya kuuza. Mizani itamwambia kama anunue tena.