Wahakiki wa Katuni za Anga Wavuma Garissa, Nakidi Yaenda Kwingine

Biashara ya kuonyesha na kuuza filamu katika mji wa Garissa, ambayo msomaji wa ukurasa huu anaijua vema kwa kuwa aghalabu yeye mwenyewe ni mteja wake, imechipuza katika miaka hii tawi jipya lisiloingia katika hesabu ya afisi yoyote, nalo ni kazi ya vijana wanaotazama katuni za hadithi za kisayansi sehemu kwa sehemu, kisha wakazitolea hukumu mbele ya simu kwa Kisomali kilichochanganyika na Kiswahili, wakibainisha kipi kimefana na kipi kimeharibika, na kama sehemu ya juma lile yastahili bando la mtu maskini au haistahili. Wasikilizaji wanao, na heshima vijiweni wanayo. Wasichokuwa nacho ni malipo; na fauka ya hayo wako wenye maduka wanaodai kwamba hasara ya kazi hiyo inawaangukia wao.

Mfanyabiashara mmoja mwenye duka la filamu kando ya Suuq Mugdi, aliyekubali kunena nasi kwa sharti kwamba jina lake lisichapwe, alitufafanulia malalamiko hayo kwa marefu na mapana, nasi tunampa nafasi kubwa kwa sababu hatukupata mwingine aliyeweka hesabu kwa makini kama yeye. Alianza na kibanda cha kuonyesha mpira na filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali, chenye mabenchi ya mbao na jenereta moja. Kisha ikaja amri ya kutotoka nje usiku, iliyotolewa Aprili 2015 kwa kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River baada ya shambulio la chuo kikuu cha Garissa, na maadamu wateja wa kibanda ni watu wa baada ya Isha, mabenchi yakabaki matupu. Mbao zile akazifanya rafu, akanunua kompyuta ya mtumba, akaanza kuwajazia watu flashi, filamu moja kwa shilingi 50 na sehemu moja ya katuni kwa shilingi 20, ili kila mtu akatazame kwake mlango ukiwa umefungwa. Amri ikaondolewa, desturi ikabaki.

"Ndugu yangu, mimi napakua usiku kucha, maana mchana mtandao hauendi," asema. "Bando nanunua mimi, stima nalipa mimi, kodi ya duka nalipa, leseni ya kaunti nalipa. Asubuhi nikifungua, kijana ameshasimulia yote, mpaka aliyekufa na aliyefufuka. Mteja anakuja kuniambia, hiyo nimeshaisikia. Sasa nimuuzie nini?"

Alituonyesha daftari lake, ambalo ni daftari la kawaida la shule lenye mistari, ndani yake majina ya katuni yameandikwa kwa wino wa buluu na ya zile zilizosimuliwa mapema na wahakiki yamezungushiwa wino mwekundu. Na ni kweli kwamba katika kurasa tulizozipitia pamoja naye alama za mauzo ni chache mno pembeni mwa majina mekundu. Daftari la duka moja haliwezi kuusemea mji mzima. Walakini ni hesabu iliyoandikwa siku kwa siku na mtu anayeishi kwa hesabu hiyo, na hapo inazipita nyingi tulizosomewa afisini.

Na daftari hilo hilo lina ukurasa unaompinga mwenyewe. Grendizer ni katuni ya Kijapani ya sehemu 74, iliyorushwa kwao tangu mwaka 1975 hadi 1977, ikatiwa sauti za Kiarabu nchini Lebanoni na kuanza kuonyeshwa huko mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, ikaenea Arabuni kote hata ikawa sehemu ya utoto wa watu waliokulia Jidda na Sharja, ambao baadhi yao ni wazee wa leo hapa Garissa, waliorejea na Kiarabu chao na kumbukumbu zao. Katika duka lile la Suuq Mugdi ilikuwa imelala bila kuulizwa. Akatokea mhakiki mmoja, kijana aliyezaliwa Hagadera katika kambi za Dadaab, akaitazama tangu sehemu ya kwanza.

Tulimkuta akiirekodi hukumu yake nyuma ya duka la fundi cherehani, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga, naye akingoja kila mara cherehani inyamaze ndipo aendelee. Duke Fleed, alisema, mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeangamizwa na majeshi ya Vega akapata hifadhi duniani, hakubuniwa na mtu asiyejua ukimbizi ni nini; kwani anaitwa kwa jina la wenyeji, anachunga farasi wa shamba kama kijana yeyote wa kazi, ana baba mlezi anayempenda kwa dhati, na bado kila kinachong'aa mbinguni humshtua. Hayo aliyasema taratibu, bila kupaza sauti. Kisha akaishambulia katuni ile ile pasipo huruma, akisema kwamba jini la chuma hushuka, hupigwa na huanguka katika kila sehemu kwa namna moja, hata mtazamaji aweza kulala katikati na kuamka mwishoni bila kupoteza kitu. Baada ya uhakiki huo, kwa ushahidi wa daftari, watu wazima walianza kuja dukani kuulizia Grendizer, na mwenye duka alikiri, tulipombana, kwamba hao hawaombi punguzo.

Hapa pana tofauti ambayo wenye maduka hawaipi uzito unaostahili. Wako wanaosimulia tu, yaani wanaokuhadithia sehemu yote tangu mwanzo hadi tamati, na hao ndio wanaomnyang'anya muuzaji bidhaa yake. Na wako wanaopima, ambao hukuacha na hamu ya kwenda kutazama kwa macho yako. Kwa rai yetu hao wa pili ndio wenye fani, nao ni wachache. Mmoja wao ni binti wa kidato cha nne ambaye hurekodi sauti pekee, bila uso, kwa ridhaa ya mama yake, na ambaye uhakiki wake wa Super Sema, katuni ya Kikenya iliyoanza kuonyeshwa Machi 2021, kuhusu msichana anayepambana kwa ujuzi wa sayansi na dhalimu ambaye ni mashine yenye akili bandia, tuliusikiliza mara mbili. Aliwasifu waliomfanya msichana wa Kiafrika kuwa mwenye kuvumbua. Kisha akauliza maswali ya mtoto wa kaunti kame: maji ya kijiji kile yanatoka wapi, na umeme wa vyombo vile analipa nani? "Mimi kaka, nikiona uvumbuzi nataka kujua ukiharibika unatengenezwa na nini," alituambia. Katuni ile hupatikana bila malipo kwa yeyote mwenye bando, kwa hiyo uhakiki wake haumuuzii mtu wa Suuq Mugdi hata flashi moja. Faida yote humwendea muuza bando.

Mintarafu ya hilo bando, afisa mmoja wa serikali mwenye kushughulika na mawasiliano, ambaye naye hakutaka kutajwa, alitueleza kwa uhakika mkubwa kwamba tatizo la mtandao Kaskazini Mashariki limo mbioni kwisha, akataja mpango wa taifa wa kilomita 100,000 za nyaya za mkongo na vituo 25,000 vya mtandao wa bure kwa umma. Tulipomuuliza ni vingapi kati ya hivyo vimekwisha wekwa Garissa na vinafanya kazi, alizirudia zile jumla za nchi nzima. Wahakiki tuliozungumza nao hawakuweza kututajia kituo cha bure wanachokitegemea kupandisha video zao. Hupandisha usiku wa manane, kama mwenye duka anavyopakua, na kwa sababu ile ile. Katika kaunti jirani za Wajir na Mandera, na katika sehemu za Garissa yenyewe zinazoelekea mpakani, milingoti ya simu imelipuliwa mara kwa mara na wapiganaji wa Al-Shabaab, na mlingoti ukianguka maeneo yote yanayoutegemea hunyamaza. Jambo hilo halimo katika jumla tulizosomewa.

Umeme nao una hadithi inayofanana. Garissa ina mtambo wa nguvu za jua wa zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019 na kusifiwa kuwa mkubwa kupita yote Afrika Mashariki na Kati, ilhali mwenye duka wetu bado ameiweka jenereta yake ya zamani chini ya meza, imefunikwa gunia, na galoni ya petroli kando yake.

Ama kuhusu fedha, njia rasmi ya mhakiki kulipwa ni mgao wa matangazo katika mtandao wa video, nao hutaka kwanza wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, sharti ambalo kijana wa Nairobi anayesema Kiingereza hulitimiza upesi kuliko yule anayehakiki kwa lugha ya jamii yake. Hata akilitimiza, akiweka vipande vya katuni yenyewe ndani ya uhakiki wake mwenye hakimiliki aweza kudai mapato yote. Na yakisalimika, tangu tarehe 1 Julai 2023 sheria ya Kenya hukata asilimia 5 ya malipo ya wabunifu wa mitandaoni kabla hayajamfikia mkazi. Ushuru wa bidhaa juu ya data ulishushwa mwaka huo huo kutoka asilimia 20 hadi 15, na jambo hilo lilitangazwa kama auni kwa vijana; mwenye duka asema hakuona tofauti katika bei ya bando, nasi hatuna sababu ya kutomsadiki.

Haitakuwa insafu kuyanyamazia ya upande wake. Sehemu kubwa ya bidhaa anayoijaza katika flashi ni nakala zisizo na idhini, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hailiiti tendo hilo kwa jina jingine ila kosa. Wauzaji hujitetea kwamba wenye mali ni matajiri wa ng'ambo wasioijua Garissa. Hoja hiyo ilidhoofika mwaka 2023 ilipotoka Kizazi Moto, filamu fupi 10 za katuni za kisayansi zilizotungwa na Waafrika, wakiwemo Mkenya na Mganda, kwani aliyenakiliwa pasi na malipo sasa ni jirani. Mwenye duka aliposomewa jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angelipa kama angeonyeshwa dirisha la kulipia lenye bei ya mtu wa Garissa. Dirisha hilo halipo.

Watu wazima wa mji, na hasa baadhi ya masheikh, wana shaka zao juu ya picha na juu ya saa zinazopotea, na wakati wa Ramadhani kazi hii hupoa karibu yote. Hilo wahakiki wanalikubali bila kinyongo.

Mustakabali wa biashara hii hautabiriki kwa urahisi. Kaunti tatu za Kaskazini Mashariki zilihesabiwa kuwa na watu karibu milioni mbili na nusu mwaka 2019, wengi wao vijana, na huenda siku moja muuza bidhaa akatambua kwamba sauti inayosikilizwa kutoka Bula Iftin hadi Mandera ina thamani ya tangazo. Nchini Uganda na Tanzania wasimulizi wa filamu wamefikia hatua ya jina lao kuuza nakala, kwa hiyo jambo hilo si muhali. Lakini huko wasimulizi na wenye vibanda walishirikiana tangu mwanzo, ilhali hapa wanaangaliana kwa jicho la uadui, na hatukuona dalili ya yeyote kuwaita kikao kimoja. Kwa kijana anayefikiria kuuza mbuzi wa nyumbani ili anunue kamera na kuingia katika uhakiki, ushauri wetu ni kwamba aanze na simu aliyo nayo, aende kwa mwenye duka wa mtaa wake wapatane kwamba hatasimulia mwisho wa sehemu, na mbuzi awaache zizini mpaka aone malipo ya kwanza.